Angusha Letai

Kaka yangu alikuwa fundi wa malori, na dunia nzima aliitazama kama lori. Mama akilalamika goti, alisema goti linataka grisi. Mimi, dada yake, nikikasirika, na sikatai, nilikuwa mwepesi wa hasira, alisema radiateri imechemka, niachwe nipoe. Kwa hiyo siku aliposimama katikati ya nyumba, akaupiga kofi ukuta wa ndani na kusema utolewe, mahali pake iwekwe chasi ya lori, mimi sikucheka. Nilijua hatanii.

Hiyo ilikuwa miaka ya vita, mjini Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, katika nyumba aliyoijenga marehemu baba. Baba alikuwa muuza vitambaa na alitaka ghorofa, basi. Alimwaga zege juu ya korido na juu ya chumba cha pembeni yake, akaacha nondo zimesimama zikisubiri orofa ya pili, kisha akafa. Zege hilo tuliliita dala, kwa Kifaransa chetu cha mtaani. Sehemu nyingine zote za nyumba zilikuwa na mabati tu. Kwenye zile nondo mama alifunga kamba ya kuanika nguo, na ghorofa ya baba ikaishia hapo.

Vita vilipoingia mjini tuligundua kwamba baba alitujengea mahali pa kujificha bila yeye mwenyewe kujua. Risasi hupita kwenye bati bila kupiga hodi, na kwenye matofali ya udongo hupita vilevile. Lakini korido ilikuwa na dala juu na vyumba kila upande. Milio ikianza tulikimbilia koridoni tukalala kifudifudi, mama, kaka na mimi, kila mmoja akinong'ona dua anayoijua. Hatukuwa wengi, tulitosha.

Kisha dada yetu mkubwa akaja kutoka Buterere na watoto wake, miguu imejaa tope la mashamba ya mpunga, sufuria kichwani. Mume wake alikuwa ng'ambo ya ziwa, Uvira, anatafuta kazi. Walikuwa wametembea tangu alfajiri na hakuna aliyewauliza maswali, tuliwapa maji ya kuoga na chai. Korido ikawa ndogo. Alasiri moja milio ikaanza ghafla, tukasukumana, tukarundikana, na binti yake mdogo akabaki nusu nusu: kichwa koridoni, miguu sebuleni. Risasi iliingia kwa ukuta wa mbele, ikapita juu ya miguu ile, ikatoboa kabati la vyombo la mama. Mtoto hakupata hata mkwaruzo. Milio ilipokoma kaka alichuchumaa mbele ya kabati, akatia kidole kwenye tundu na kukitoa, akatia tena, mpaka nikamwambia aache, ananichefua.

Kesho yake ndipo aliposema ukuta utoke.

"Ukiutoa huu ukuta, korido na kile chumba vinakuwa kitu kimoja," alisema. "Dala iko juu ya vyote viwili. Tunalala wote chini yake, na nafasi inabaki."

"We una wazimu?" nikamwambia. "Dala imekalia huo ukuta! Risasi hazijatumaliza, unataka utuzike mwenyewe?"

"Ndiyo nasema chasi. Lori linabeba mizigo kwa barabara ya mashimo mpaka Ngozi, linarudi. Dala ya baba haiendi popote. Imekaa tu."

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho. "Fanyeni," alisema, "lakini kabati langu musiliguse. Limeshapigwa risasi, linatosha."

Kaka akatafuta fundi wa kujenga. Alikuwa mzee wa Uvira, mwembamba, ambaye ujanani alifanya kazi na Wazungu waliokuwa wanajenga maofisi ya mjini, na kelele za mashine zao zilikuwa zimemharibu masikio. Ulisema naye kwa kupiga kelele, naye alijibu kwa kupiga kelele zaidi, akidhani ni wewe usiyesikia. Maneno yake yote ya kazi yalikuwa Kifaransa alichokimeza mzimamzima zamani. Ile miti ya kutegemeza, inayoshikilia zege wakati ukuta unatolewa, yeye aliita letai.

Mimi nilisoma kidogo, nilijua neno lenyewe ni étai. Fundi aliliokota pamoja na ile l ambayo Wafaransa huitanguliza, l'étai, akaenda nalo. Hilo halikunisumbua. Lililonisumbua ni kwamba katika mji wetu Leta ni serikali. Kirundi kinasema hivyo, na sisi Waswahili wa Buyenzi tunasema hivyohivyo: kodi ya Leta, gari ya Leta, mutu wa Leta. Na leta, kila mtu anajua, ni kuleta. Kwa hiyo siku ya kwanza tu ya kazi, fundi alisimama koridoni akapaza sauti, "Leta letai!" na watoto wa dada wakaanguka kwa kicheko. Wakafanya wimbo. Waliuimba uani siku nzima, leta letai ya Leta, mpaka dada akawafinya masikio.

Nilimwendea fundi nikamwinamia sikioni. "Mzee, hilo neno ubadilishe. Sema nguzo. Sema mti."

Aliniangalia kama mtu aliyetukanwa. "Nguzo ni ya kukaa!" alipiga kelele. "Letai ni ya kutoka! Kila kitu iko na jina yake, mama!"

Nikamwacha. Kazi yenyewe, sikufichi, ilikuwa nzuri kuitazama, ingawa vumbi lilinifanya nitukane kuanzia asubuhi hadi jioni. Mimi nilikuwa mshonaji, charahani yangu ilikaa sebuleni, na hakuna kitambaa cheupe kilichobaki cheupe. Walisimamisha miti ya mikaratusi safu mbili, upande huu wa ukuta na upande ule, juu yake mbao, chini yake kabari za kupigwa kwa nyundo mpaka kila mti ukaze. Kisha wakaubomoa ukuta kuanzia juu, tofali moja moja. Nilishika mdomo. Dala haikusogea.

Boriti ya chuma kaka aliitengeneza mwenyewe gereji kwake. Alichukua vyuma viwili virefu vya chasi ya lori lililoungua njiani, akaviunga mgongo kwa mgongo kwa kuchomelea. Wenzake wa gereji waliibeba kwa mabega kupita mtaani, na watu wakawa wanauliza, "Sasa lori lenyewe liko nyuma linakuja?" Ndani waliiinua kwa kriki, zile jeki za lori, mbili, kaka huku na rafiki yake kule, wakipampu polepole na kuitana, mpaka chuma kikagusa dala. Chini ya kila ncha fundi alijenga nguzo ya matofali, na juu ya kila nguzo akamwaga kitako cha zege cha kukalia chuma. Nguzo ya kulia ilikamilika mapema. Ya kushoto ilisubiri, maana mipaka ilikuwa imefungwa na saruji ilikuwa haipatikani, na tulipopata mfuko, ulikuwa umeanza kuganda pembeni. Fundi aliuchekecha huku analaani. Kriki zikatolewa, chuma kikakaa juu ya nguzo zake, lakini letai zikabaki zimesimama zote, mpaka zege la kushoto likauke sawasawa.

Siku zile tuliishi ndani ya msitu. Ukitaka kupita kwenda jikoni ulipinda huku na kule kati ya miti. Mama alitundika tasbihi yake kwenye letai moja, dada akaanika nepi kwenye nyingine. Milio ilipokuja tena tulijilaza chini ya dala sote, na kwa mara ya kwanza mama akanyoosha magoti yake. "Ah," alisema, wakati nje kunavuma, "hapa mutu anaweza kulala hata usingizi." Kaka alicheka kwa sauti. Alikuwa na furaha, wallahi, chini ya milio ile alikuwa na furaha.

Kisha fundi akaja siku ya kutoa letai za kati. Alinieleza kwa kelele zake: unaanza katikati, unaacha za pembeni, na zile za upande wa kushoto zinabaki mpaka yeye mwenyewe aseme. Umeme haukuwepo, kwa hiyo walifungua mlango wa mbele na madirisha yote ili wapate mwanga. Mimi nilihamishia charahani barazani kukwepa vumbi.

Doria ilikuja kutoka mwisho wa barabara, wanaume wenye bunduki, wanatembea pande mbili za njia. Miaka ile hatukuuliza mwenye bunduki ni wa nani. Watu wa Buyenzi tulisema hatuna upande, na kila upande ulikuwa na hakika kwamba tuko na upande wa pili. Niliinamisha kichwa nikakanyaga charahani. Na ndani ya nyumba, fundi akapaza sauti:

"Haya! Angusha letai!"

"Niangushe sasa?" Sauti ya kaka.

"Angusha! Ya kati kwanza! Angusha letai yote ya kati, moja isibaki!"

Miguu njiani ikasimama. Yarabi! Nililisikia neno lile kama walivyolisikia wao. Angusha Leta. Angusha serikali. Mti ulianguka ndani kwa kishindo, na kaka, kichwa ngumu yule, akashangilia: "Imeanguka!"

Walinipita barazani bila kunitazama. Niliwafuata. Mmoja aliuliza, bunduki imeelekea tumboni kwa kaka, "Ni nani hapa anaangusha Leta?"

Kaka aliinua mikono. Lakini fundi, ambaye hakusikia vizuri, na ambaye hupenda mtu akimuuliza habari za kazi yake, alitabasamu. "Ni mimi na huyu!" akajibu kwa nguvu. "Tumeanza na ya kati! Za pembeni, wiki ijayo!"

Mpaka leo sijui nicheke au nilie nikikumbuka. Nilianza kusema, "Si hivyo, ni miti, anasema miti," na mmoja akanisukuma nikakaa chini. Nikaona kaka ananitazama, kisha anamtazama fundi, mzee wa ng'ambo asiye na karatasi yoyote mfukoni, amesimama na nyundo mkononi na tabasamu lake. Kaka akapiga hatua moja mbele.

"Mzee ni kibarua tu, hasikii," alisema. "Nyumba ni ya kwangu. Maneno ni ya kwangu."

Walimpiga kitako cha bunduki ubavuni, wakamfunga mikono kwa ile kamba ya fundi ya kunyooshea matofali, wakaondoka naye. Dada alikuwa uani na watoto, alitoka mbio alipowasikia, wakawa wameshafika kona.

"Wamekasirika nini?" fundi aliniuliza.

Nilimshika kichwa kwa mikono miwili nikamwambia sikioni, neno kwa neno, walichosikia. Nilikuwa nimepanga kumtukana, na matusi ninayo. Lakini aliketi juu ya matofali, akaweka mikono kichwani, akalia kwa sauti ile ile kubwa anayosemea, na matusi yote yakaniishia.

Mama na mimi tulikwenda kuuliza. Wale wa doria walikuwa wamekaa kwenye ghala moja tupu kando ya barabara. Tulirudishwa jioni ile, tukaenda tena asubuhi. Mama aliambiwa akae juani, akakaa, na magoti yake yale. Nilipata kusema na mkubwa wao, kijana nadhifu, nguo zimepigwa pasi, ananukia sabuni. Nilimwambia kwa Kifaransa cha shule, kwa heshima zote nilizonazo na ambazo sina, kwamba neno ni étai. Nikalitaja herufi moja moja kama mtoto mbele ya mwalimu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Étai najua, madamu," alisema. "Nataka kujua kama ninyi mnajua. Twendeni tuone hiyo kazi."

Kaka aliletwa nyuma ya pikapu. Uso ulikuwa umevimba upande mmoja, jicho limeziba. Mama alipomwona alisema "mutoto wangu" mara moja tu.

Yule mkubwa aliingia ndani, akazunguka kati ya miti, akagonga mmoja kwa kidole, akaangalia juu. Fundi alikuwepo. Alikuwa amekuja tangu alfajiri akakaa mlangoni bila kazi, hakutaka kurudi kwake.

"Chuma hiki kinabeba?" mkubwa aliuliza.

Nikamrudishia fundi sikioni. "Kinabeba!" fundi alijibu.

"Basi hii miti haina kazi. Angusheni yote."

"Za kati sawa, shefu. Za kushoto apana! Sima yake ni ya juzi, haijashika!" Sima kwake ni saruji.

"Jana mlikuwa mnaangusha letai, mtaa mzima umesikia," mkubwa alisema, bila hasira, kama mtu anayeomba aletewe kiti. "Leo angusheni, na mimi nione. Na huyu bwana asimame chini yake."

Alimshika kaka begani akampeleka mwenyewe, akamsimamisha upande wa kushoto, karibu na ile nguzo mbichi. Dada na watoto walitolewa hadi uani. Mama alikaa chini kwenye kizingiti na hakuna aliyeweza kumwondoa. Mimi niliambiwa nibaki, kwa sababu fundi hasikii, na kulikuwa na haja ya mtu wa kumwambia.

Nikawa mimi. Mkubwa alinyoosha kidole kwenye mti, akanitazama, nami nikainama sikioni kwa fundi nikasema kwa nguvu, "Angusha letai." Fundi akagonga kabari, mti ukalegea, akauvuta, ukaanguka. Kidole kikaenda kwenye mwingine. "Angusha letai." Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine, mtu mbaya. Kati pakawa peupe. Kulia pakawa peupe. Kaka hakututazama. Alikuwa ametazama juu, kwenye chuma alichokiunga kwa mkono wake, na jicho lake moja zima halikupepesa.

Zilibaki za kushoto. Fundi aliniangalia. "Mama," aliniambia, na ndiyo mara pekee nilimsikia akisema polepole, "uwaambie siku nne tu. Siku nne."

Nikamwambia mkubwa. Alitabasamu akanyoosha kidole.

Nilisema tena. Mti ukatoka. Nikasema tena. Wa mwisho ulipolegea, dala ilinguruma. Ule mlio sikuwahi kuusikia kabla wala baada. Vumbi lilimwagika kwenye nywele za kaka, ufa ukatoka kwenye kichwa cha nguzo ukashuka upesi kama mjusi, na chuma kikaketi chini kidogo, unene wa ukucha labda. Mama alipiga ukelele. Yule mkubwa alikuwa ameshafika mlangoni, sikumwona hata alivyokwenda.

Kisha ikatulia. Ufa ulisimama. Chuma kilibeba. Kaka alikuwa bado anatazama juu, suruali yake imelowa mpaka kwenye kandambili za miguuni.

"Kazi nzuri," mkubwa alisema kutoka mlangoni. Akamuuliza kaka kama anaweza siku moja kumchomelea bampa ya pikapu. Kaka akasema ndiyo, shefu. Na mimi, mimi ambaye sijawahi kumwachia mtu neno la mwisho, nilisema, "Asante, shefu." Inaniuma mpaka leo hiyo asante. Ikinijia wakati ninashona, najidunga sindano.

Kabla pikapu haijafika kona, fundi alikuwa amekumbatia letai mbili anazirudisha upande wa kushoto, anapiga kabari huku anasoma fatiha. Aliziba ule ufa. Alikuja kila siku kutazama, akiweka kiganja kwenye nguzo kama anayepima homa, mpaka siku aliyosema imeshika, akazitoa mwenyewe, kimya, bila kulitamka lile neno. Hakuchukua hata chakula siku ile. Dala ikakaa vizuri, tukapata chumba kikubwa katikati ya nyumba, mikeka ikatandikwa, kila mtu na mahali pake.

Kila mtu isipokuwa kaka. Hakuingia tena. Akitoka chumbani kwake kwenda jikoni alizunguka kwa nje, hata mvua ikinyesha. Alikula uani. Mwanzo tulimtania, maana sisi ni watu wa utani, dada akamwita bwana mlinzi, watoto wakampigia saluti. Alicheka pamoja nasi. Lakini milio ilipokuja na sote tukakimbilia ndani, yeye alibaki amekaa chini uani, mgongo kwenye ukuta karibu na bomba la maji, juu yake bati la jikoni na mbingu.

"Ingia!" mama alimwita.

"Nakuja," alijibu, na hakuja.

Nilimfuata kesho yake gereji nikagombana naye mbele ya wenzake. "Hicho chumba ulikijenga kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yenu."

"Na we si wetu?"

Alikuwa chini ya lori, naona miguu tu. "Nikiingia naiona inashuka," alisema. "Najua haishuki. Lakini naiona. Bora risasi. Risasi huioni."

Nilirudi nyumbani nikamwambia mama maneno hayo kama alivyoyasema.

Halafu ikaja alasiri ile mbaya. Milio ilianzia upande wa Gihosha, juu kwenye vilima, ikateremka, na kwa kitambo kidogo ikawa kwenye barabara yetu. Tulikuwa chini ya dala, watoto wamezibwa masikio. Kaka alikuwa uani kwenye bomba lake. Kitu kilipiga bati la jikoni likalia kama ngoma. Mama akainuka.

"Unakwenda wapi?" Nilimshika kitenge.

"Niache."

"Mama!"

"Niache, nimesema." Alikunja mkeka wake, akauweka kwapani, akatoka kwa mlango wa nyuma. Alitembea, hakukimbia, magoti yale hayakuweza kukimbia. Nilitambaa mpaka mlangoni nikamwona anatandika mkeka juu ya mchanga, kando ya kaka, anaunyoosha pembe moja moja kama anayejiandaa kuswali. Akajilaza chali.

"Mama, ingia ndani!" kaka alimwambia.

"Nakuja," mama alisema, akafumba macho.

Kaka alimvuta mkono. Mama alijilegeza, alikuwa mwanamke mzito. Alimwomba kwa jina la Mungu, kisha kwa jina la baba. Risasi ikavunja bomba na maji yakaruka juu yao wote wawili. Nilimsikia kaka akipiga yowe, si la maumivu, la hasira tu, hasira ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Alimgeuza mama, akambeba mgongoni akaja naye mbio, maji yanawachuruzika, akaingia kwa mlango wa nyuma, na alipofika pale palipokuwa na ukuta zamani, miguu yake ikagoma. Alisimama pale, mama mgongoni, nje kunawaka.

"Fumba macho," nilimwambia. Nilimshika mkono nikamvuta.

Alifumba. Akaingia hatua kwa hatua kama kipofu, akapiga magoti, akamshusha mama, na mama akamlalia kifua kwa uzito wake wote ili asiinuke. Kaka alikuwa anatetemeka mpaka watoto waliolala kando yake wakatetemeka naye.

"Niambie kama inashuka," aliniambia, macho yamefumba.

Nililala chali pembeni yake nikaitazama. Chuma cheusi, kovu la kuchomelea katikati, juu yake dala ya baba.

"Haishuki," nilisema.

"Na sasa?"

"Haishuki."

"Na sasa?"

Nilimjibu kila alipouliza, na alipoacha kuuliza niliendelea kumwambia, mpaka milio ikaisha na sauti ikanikauka.